Uchumi Unavuta Pumzi

Ghorofa ya tatu ya ofisi ya takwimu, chumba cha mwisho upande wa vyoo, alifanya kazi mwanamke mmoja ambaye wenzake walimwita Bi Asilimia. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mfupi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba, na kazi yake ilikuwa kujua kabla ya watu wote kama nchi inaelekea kupata au kukosa. Mtu akiisikia kazi hiyo humfikiria mwanamke aliyekaa juu ya mnara, dunia yote chini yake. Yeye dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la jirani na bomba la maji machafu lililopita juu ya ukuta huo.

Kila mwezi alikusanya vitu vinne: umeme uliotumiwa na viwanda, saruji iliyouzwa, malori ya mizigo yaliyopita kwenye mizani ya barabara kuu, na maboksi yaliyoagizwa na wenye viwanda. Maboksi ndiyo aliyoyaamini kuliko vyote. Mwenye kiwanda cha sabuni anaweza kusimama mbele ya kamera na tai yake akasema biashara inachanua, lakini hawezi kuagiza boksi la kutilia sabuni ambayo hataitengeneza. Aliwaeleza hivyo wageni wa ofisi, nao wageni wakatikisa vichwa kwa heshima huku wakichungulia saa zao.

Malori alimwachia mwenzake wa pekee chumbani, mwanamume aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Waliomwita Mzee wa Mizani hawakukosea, maana kila asubuhi alipiga simu mizani kuuliza yamepita malori mangapi, na kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano aliulizwa yeye ni nani.

Mwaka ule mambo yalianza na karatasi. Jumatatu moja wizara ilitangaza kupandisha ushuru wa karatasi zinazotoka nje, ili kuvilinda viwanda vya karatasi vya ndani. Alhamisi ikabainika kuwa viwanda vya karatasi vya ndani ni kimoja, na kimefungwa zamani, kwenye ukumbi wake watu wanafanyia harusi. Ushuru ukasitishwa. Jumatatu iliyofuata ukarudi, lakini nusu. Baadaye ukaondolewa kwa wenye kibali, kabla ya kugundulika kwamba hajateuliwa mtu wa kutoa vibali. Ikaundwa kamati. Kamati ikatoa mapendekezo, mapendekezo nayo yakaundiwa kamati.

"Msimamo wetu haujabadilika," alisema msemaji wa wizara redioni, siku ambayo msimamo ulibadilika mara mbili, kabla ya chakula cha mchana na baada yake.

Bi Asilimia aliziweka nyaraka zote hizo katika jalada moja, akaandika juu yake MSIMAMO. Kufikia mwezi wa tatu jalada lilikuwa halifungiki tena, likabidi lifungwe kwa mpira.

Wenye viwanda nao ni watu. Mtu asiyejua karatasi itakuwa bei gani Ijumaa haagizi kitu Jumatano. Walisubiri. Na shida ya kusubiri ni kwamba hakuonekani: hakutoi moshi, hakupigi kelele, na anayepita barabarani huona geti la kiwanda liko palepale na mlinzi wake yuko palepale. Kunaonekana kwenye safu ya nne ya jedwali tu. Maboksi yalishuka asilimia sita, mwezi wa pili tisa, wa tatu kumi na nne. Umeme ukafuata, na saruji nyuma yake. Asubuhi moja Mzee wa Mizani alirudisha simu mahali pake polepole.

"Leo hawakuniuliza mimi ni nani," alisema. "Hawana kazi. Walitaka tu kuzungumza."

Siku hiyo Bi Asilimia aliandika rasimu ya taarifa ya mwezi, na ndani yake akatumia neno mdororo. Akaipeleka kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi wao alikuwa mwanamume mstaarabu, mwenye suti tatu na woga mmoja. Woga wenyewe ulikuwa wa wino. Aliandika kila kitu kwa penseli, hata saini yake, na mezani alikuwa na kichongeo cha shaba na kifutio kikubwa kama kipande cha sabuni. Hakuwa mtu mbaya. Ukifiwa alikuja msibani, na ukiugua aliuliza jina la dawa.

"Hili neno," alisema, akiligusa kwa ncha ya penseli kama mtu anayemgusa mdudu kuona kama bado yu hai.

"Ndilo jina lake, mkurugenzi."

"Najua ndilo jina lake. Ndiyo maana sitaki liitwe." Akafikiri. "Sema uchumi unavuta pumzi."

"Umevuta miezi mitatu na haujaitoa. Mtu akifanya hivyo huwa tunampeleka hospitali."

Mkurugenzi alicheka kweli, akafuta machozi, kisha akaandika pembeni *unavuta pumzi*, akaiweka rasimu kwenye droo. Taarifa ile ilikuwa ikitoka kila tarehe kumi na tano, saa tatu asubuhi, na kwa miaka kumi na tisa ya Bi Asilimia haikuwahi kukosa hata siku moja.

"Tusubiri kidogo," mkurugenzi alisema. "Sera ikitulia, tutaitoa."

Basi hata wao waliokuwa wakiwahesabu wanaosubiri wakaanza kusubiri.

Sasa, kila aliyefanya kazi ghorofa ile alikuwa ameapa. Kiapo kilisema kwamba namba haitoki kabla ya siku yake, si kwa mume wala mzazi wala mfanyabiashara wala rafiki. Wengi walikiapa jinsi watu wanavyoahidi kuacha sukari. Bi Asilimia alikishika. Marehemu mumewe alizoea kusema alioa kabati lililofungwa na ufunguo uko serikalini.

Lakini alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Gia, dereva wa lori katika kiwanda kimojawapo cha maboksi kwa miaka kumi na miwili. Jumamosi moja mke wa Gia alikuja nyumbani kwa Bi Asilimia, akaketi ukingoni mwa kochi na kuweka mkoba magotini. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke asiyeketi ukingoni mwa kiti bila sababu.

"Wifi, nimekuja na jambo," alisema. "Kiwanda kinapunguza malori. Wamemwambia mwenzangu achague: achukue lori moja liwe lake badala ya kiinua mgongo na aondoke, au abaki na kazi yake. Jibu wanalitaka tarehe ishirini."

"Yeye anasemaje?"

"Yeye ameshalipa jina lori." Akaukaza mkoba magotini. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe ndiye unayejua mbele kukoje."

Bi Asilimia alijua. Alijua kwa tarakimu mbili baada ya nukta. Malori yasiyo na mizigo ndiyo yaliyojaa kwenye jedwali lake, na kumwacha mtu mwenye mshahara aende kununua mafuta na matairi ilikuwa sawa na kumsukuma dirishani. 

"Taarifa inatoka tarehe kumi na tano," alisema. "Someni hiyo."

Wifi yake alimtazama sana. "Mwezi uliopita pia ulisema itatoka tarehe kumi na tano."

Tarehe kumi na tano ilifika. Wizara ikatangaza ushuru mpya wa gundi, ambayo kamati ya karatasi ilikuwa imeisahau, na mkurugenzi akasema kwa sauti ya mganga anayempa mtu tumaini kwamba sasa si wakati mzuri.

Jumapili iliyofuata walikutana wote kwa mama yao, kama kawaida. Baada ya kula Gia alisogeza sahani.

"Dada, sitaki hadithi. Nichukue lori au nibaki?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Niliapa."

Mama yao, aliyekuwa akipangusa meza, hakuinua macho. "Uliapa kwa nani?"

"Kwa serikali, mama."

"Serikali ilikunyonyesha?"

Bi Asilimia akaona kuna njia moja tu imebaki, nayo ni kumuuliza ndugu yake mambo ambayo ndugu yake mwenyewe anayajua. "Wiki iliyopita ulipeleka safari ngapi?"

"Nne."

"Mwaka jana wakati kama huu?"

"Kumi na moja. Lakini mwaka jana nilikuwa sipati hata muda wa kunyoa."

"Wale wa biskuti bado wanachukua maboksi?"

"Waliacha."

"Wa sabuni?"

"Nusu lori." Gia alianza kukuna kidevu.

"Na kiwanda chenye kazi nyingi, kinagawa malori yake?"

Gia hakuwa mjinga. "Kwa hiyo unasema nisichukue."

"Sijasema kitu. Nimeuliza maswali."

"Maswali yako yana mdomo," alisema Gia. Kisha hasira ikampanda, na alipokasirika alishusha sauti, jambo lililokuwa baya zaidi. "Niambie kitu kimoja ambacho si siri. Miaka kumi na tisa unahesabu. Unamhesabia nani? Wizara haitaki kusikia. Bosi wako kila mwezi anaahirisha. Mimi ndugu yako siambiwi. Hizo namba anazila nani?"

Bi Asilimia aliinuka akaosha vyombo vyote, pamoja na vile vilivyokuwa safi.

Tarehe kumi na tisa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kitu waziwazi, Gia alichukua lori.

Lilikuwa la bluu, limechoka uso lakini injini yake nzima, na kwa sababu kwake hakukuwa na nafasi aliliegesha nje ya geti la mama yao. Likakaa hapo wiki ya kwanza. Likakaa ya pili. Wiki ya tatu mama alianza kuanika mablanketi kwenye bodi lake, akasema angalau limepata mzigo. Kila Jumapili Bi Asilimia alilipita akiingia na akalipita akitoka. Gia alimwamkia kwa adabu zote, shikamoo dada, kisha akageuka kuzungumza na ukuta. Huyu alikuwa mtoto ambaye Bi Asilimia alimbeba mgongoni mwaka mzima mama yao alipokuwa akiugua, na sasa alimpa heshima kama anayopewa mkaguzi wa tiketi.

Mzee wa Mizani alimwona anavyotafuna kalamu. "Ungemwambia tu," alisema.

"Wewe ungemwambia?"

"Mimi sina anayeniuliza. Hata mizani hawaniulizi siku hizi."

Simu ya kwanza Gia aliipata kutoka kwa mwenye duka la vifaa vya ofisi aliyekuwa akifunga. Alitaka rafu zake zipelekwe kwa shemeji yake, zikae ghalani hadi hali ieleweke. Mwenye duka akamtaja Gia kwa mpangaji wake, aliyekuwa akihama nyumba ya vyumba vinne kwenda ya viwili. Mpangaji akamtaja kwa mfanyakazi mwenzake. Ndani ya mwezi mmoja Gia alikuwa hapati muda wa kunyoa. Kumbe hakuna aliyekuwa na bidhaa za kusafirisha, lakini kila mtu alikuwa na kitanda, na vitanda vilikuwa safarini mji mzima.

Siku moja baada ya kazi, mke wa Gia akaja tena kwa Bi Asilimia. Safari hii aliketi sawasawa, akatoa daftari la shule lenye jalada la kijani.

"Humu naandika safari zake," alisema. "Za fedha ziko kwingine. Hizi ni za kujua achukue kamba ngapi na watu wangapi. Wifi, hebu soma, uniambie ni vizuri au ni vibaya. Mimi nimeshindwa kujua nifurahi au nifanyeje. Kila nyumba anayoingia watu wamenuna, na sisi ndio tunaopata."

Bi Asilimia alivaa miwani. Mwandiko ulikuwa mdogo na wa kunyooka kama mshono. *Tarehe tatu, vyumba vinne kwenda viwili, friji haikupita mlangoni, imeachwa. Tarehe nne, viwili kwenda kimoja. Tarehe nne jioni, ofisi kwenda sebuleni kwa mwenye ofisi, meza sita. Tarehe saba, vyumba vitatu kwenda kwa wakwe.* Hakuna majina, vyumba tu na samani. Aliendelea kugeuza kurasa mpaka chai yake ikapoa. Safari zilikuwa sitini na moja. Hamsini na saba zilikwenda kwenye nyumba ndogo kuliko ile iliyohamwa. Nne zilikwenda kwenye kubwa zaidi, na moja kati ya hizo, wifi yake alikumbuka, ilikuwa ya bwana mmoja wa kamati ya karatasi aliyelipwa posho ya vikao.

"Naomba uniachie hili kwa wiki moja," Bi Asilimia alisema.

Hakuwa na nia mbaya nalo. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba lori moja si nchi. Lakini usiku alipolala hakuona safu ya nne. Aliona ile friji iliyobaki mlangoni.

Taarifa ilikuwa imeahirishwa kwa mara ya nne wakati wizara ilipoitisha kikao cha kamati ya kufuatilia hali. Mkurugenzi alimwomba Bi Asilimia waende pamoja, ili ajibu maswali ya kitaalamu yakitokea, na hayatatokea. Ukumbi ulikuwa na viti vipya ambavyo bado vilivaa nailoni, kwa hiyo kila mjumbe alipojisogeza palisikika kama mtu anayefungua pipi kanisani. Ajenda ya kwanza ilikuwa kupitisha ajenda. Ilichukua dakika arobaini.

Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu, mtumishi wa miaka mingi, mwenye sura ya mtu asiyelala vizuri. "Sasa kwa lugha rahisi," alisema. "Kuna hatari ya mdororo, au hakuna?"

"Mwenyekiti, uchumi unavuta pumzi," alisema mkurugenzi.

"Mtaalamu?"

Bi Asilimia alisimama. Sauti yake ilitoka kavu kama kawaida. "Hakuna hatari, mwenyekiti."

Nailoni ililia ukumbi mzima kwa watu kuegemea nyuma.

"Hatari ni ya kitu ambacho hakijafika," aliendelea. "Huu umeshafika. Una miezi sita."

Mkurugenzi alianza kutafuta kifutio mifukoni.

Mwenyekiti hakukasirika. Alisema kwamba takwimu zinaweza kusomwa kwa namna nyingi, kwamba umeme hupungua hata watu wakizima taa kwa hiari, na kwamba angependa kusikia jambo ambalo mwananchi wa kawaida angelielewa. Ndipo Bi Asilimia alipofungua mkoba akatoa daftari la kijani. Alieleza ni la nini, akaanza kusoma. Alifika safari ya tano, mjumbe mmoja akainua mkono.

"Samahani, hii ni sampuli ya lori moja?"

"Ni kweli. Kitaalamu haifai hata kidogo," alisema Bi Asilimia. "Zile zinazofaa ziko kwenye droo mwezi wa nne sasa. Nimeleta iliyobaki."

Akaendelea. "Tarehe kumi na tano, vyumba viwili kwenda kimoja. Tarehe kumi na nane, vyumba vitatu kwenda kwa wazazi. Kitanda cha mtoto, vitabu maboksi tisa, meza ndefu ya kuchorea ramani, mguu mmoja umefungwa kamba. Tarehe kumi na tisa..."

"Rudia hiyo," alisema mwenyekiti.

Akairudia.

"Lori la rangi gani?"

"Bluu."

Mwenyekiti alivua miwani akaiweka juu ya ajenda. "Ile kamba niliifunga mimi," alisema. "Binti yangu anachora ramani za majengo. Hakuna anayejenga, kwa hiyo hakuna anayechoresha." Akainyoosha ajenda kwa kiganja. "Alituambia anakuja kukaa kidogo. Hii ni wiki ya tano. Mama yake ananiambia nisiulize."

Hakuna aliyejisogeza kwenye kiti.

Ingekuwa vizuri kusimulia kwamba kamati ilisimama ikatubu. Kamati ni kamati. Ilijadili kwa saa mbili, ikaamua taarifa itoke, ila neno lenyewe lisitumike, badala yake liandikwe lile la kuvuta pumzi, ambalo wajumbe kadhaa walilisifu. Majedwali yachapishwe kama yalivyo, kwa kuwa hayasomwi na mtu. Kuhusu karatasi, mwenyekiti, aliyekuwa amechoka ghafla, alisema ushuru uliopo siku hiyo ubaki hivyohivyo hadi mwisho wa mwaka. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba ushuru uliopo siku hiyo haukuwa umefanyiwa utafiti wowote. Mwenyekiti akasema hata kama ni wa kijinga, almradi mtu ajue wa Ijumaa ni upi. Kisha akamtaka mkurugenzi asaini idhini. Mkurugenzi akatoa penseli. Mwenyekiti akamsogezea kalamu, na wote waliokuwepo waliona jinsi alivyoishika kwa vidole viwili kana kwamba amekabidhiwa nyoka.

Taarifa ilitoka saa tatu asubuhi. Magazeti yaliandika kwa herufi kubwa kwamba uchumi unavuta pumzi, na msemaji wa wizara akaeleza redioni faida za kupumua. Lakini kabla ya saa sita simu ya chumba cha mwisho upande wa vyoo ilikuwa imelia mara nane. Mwenye kiwanda cha mikate aliuliza kama safu ya pili ya ukurasa wa sita ni ya mwezi au ya robo mwaka. Mwanamke mwenye duka la rangi alitaka kujua saruji ilianza kushuka lini hasa. Walikuwa wakisoma jedwali. Bi Asilimia aliwajibu mmoja mmoja, taratibu, na alipokata simu ya nane alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Miaka kumi na tisa," alimwambia Mzee wa Mizani. "Nilidhani wanaoisoma ni mimi na mhariri wake tu."

"Mhariri haisomi," alisema Mzee wa Mizani. "Nilimuuliza."

Jioni ya Jumatano iliyofuata lori la bluu lilisimama mbele ya nyumba yake. Gia alishuka, akaingia, akaamkia, akaketi. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kamba. Dada yake alimtilia chai bila kumuuliza anataka au hataki.

"Nimesoma ukurasa wa sita," Gia alisema.

"Wewe?"

"Wifi yako kanisomea. Mimi nilikuwa chini ya lori." Akanywa. "Ungeniambia wazi siku ile, ningebaki kiwandani."

"Najua."

"Waliobaki wamepewa likizo mpaka watakapoitwa. Hakuna aliyeitwa."

"Najua. Wamo kwenye hesabu."

"Kwa hiyo kunyamaza kwako ndiko kulikoniokoa."

"Usinishukuru," alisema Bi Asilimia. "Mimi nilikuwa na hakika lori litakuua kwa njaa. Namba zilikuwa sahihi na mimi nilikosea. Sijui hata nimweleze nani jambo kama hilo, mkurugenzi atataka kuliandika kwa penseli."

Gia alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya vyombo. Kisha akaacha. "Jana nilimhamisha mwalimu aliyenifundisha darasa la tano. Tulipomaliza kupakia alinipa ufunguo akaniomba nifunge mimi, hakutaka kuwa mtu wa mwisho kutoka. Kazi hii inatulisha, dada. Lakini sitaki iendelee kuwa nzuri." Akazungusha kikombe mezani. "Itaisha lini?"

Bi Asilimia angeweza kusema asome taarifa ijayo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamelainika kwa matumizi. Alitazama ile mikono.

"Sijui itaisha lini," alisema. "Lakini maboksi yameacha kushuka mwezi huu. Hayajapanda. Yameacha kushuka tu. Asilimia sifuri nukta mbili, kwenda huku au kule."

Gia aliweka kikombe chini. "Hilo limeshatangazwa?"

"Bado. Linatoka tarehe kumi na tano."

Ndugu yake alimtazama, na Bi Asilimia akatazama pembeni, akajifanya anatafuta sukari. Gia alimaliza chai, akasimama, akamwomba atoke amsaidie kukunja turubai, maana lilikuwa refu mno kwa mtu mmoja. Wakalitandaza barabarani, yeye akashika pembe mbili na dada yake mbili, wakalikunja mara nne, wakalipakia, wala hawakuzungumza habari za uchumi tena.